Miwani ya pili: hesabu inayosahaulika Nyambureti

*Kwa mtu asiyeona zaidi ya kiganja chake, miwani ikivunjika kijijini hasara huanzia kwenye nauli, huenda hadi shambani na darasani. Dawa yake ni nafuu kuliko inavyodhaniwa.*

Alfajiri, kabla taa haijawashwa, mtu mwenye tatizo kubwa la kutoona mbali huianza siku kwa kupapasa. Mkono hupita juu ya kigoda kilicho kando ya kitanda, hushuka kwenye mkeka, huingia chini ya mto, polepole, vidole vikiwa vimetanuliwa visije vikaisukuma miwani hadi uvunguni. Miwani ina kiroja chake: ukiipoteza, umepoteza pia chombo cha kuitafutia. Kama kuna mtoto nyumbani ataitwa, naye ataiona mara moja, aghalabu mahali ambapo mkono umeshapita mara mbili. Kama hakuna mtoto, na mguu ukautangulia mkono, husikika mlio mdogo wa kitu kinachokatika, na mipango yote ya siku hiyo imevurugika.

Mwanza au Dar es Salaam, mlio huo ni gharama na usumbufu wa siku chache. Katika kata ya Nyambureti, wilayani Serengeti, ni jambo zito zaidi. Maduka ya miwani hufuata miji, na mashine za kuchonga lenzi za namba kubwa hufuata miji mikubwa. Mtu wa Nyambureti atapanda bodaboda hadi Mugumu, makao makuu ya wilaya, na ikiwa namba yake si ya kawaida, safari itaendelea: Musoma, au kupitia Bunda hadi Mwanza, iliko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Tena hataweza kwenda peke yake. Hasomi kibao cha basi, hamtambui kondakta aliyempa chenji, haoni pikipiki inayokuja mpaka aisikie. Kwa hiyo nauli ni za watu wawili, chakula cha njiani ni cha watu wawili, na siku za kazi zinazopotea ni za watu wawili.

Hoja ya makala haya ni kwamba huduma zetu za macho zimezoea kuhesabu miwani inayotolewa, ilhali kinachopaswa kuhesabiwa ni kama aliyepewa bado anaona mwaka mmoja baadaye. Kwa mwenye namba kubwa, jibu hutegemea kitu kimoja kuliko vyote: miwani ya pili, iliyotengenezwa siku ileile ya kwanza, ikahifadhiwa nyumbani ikisubiri ajali ambayo kila mtu anajua itatokea.

Sentimita kumi na mbili na nusu

Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta, na ya asiyeona mbali huandikwa kwa alama ya kutoa. Ukigawanya 100 kwa namba hiyo, unapata kwa sentimita umbali wa mwisho ambao jicho linaona sawasawa bila msaada. Mwenye namba 1 huona vizuri hadi mita moja. Mwenye 5 hukomea sentimita 20. Mwenye 8 hukomea sentimita 12 na nusu, pungufu ya urefu wa penseli mpya. Kupita hapo rangi hubaki lakini kingo hupotea. Ng'ombe wa kijivu na kichaka cha kijivu huwa kitu kimoja. Wataalamu huanza kuliita tatizo kubwa likifika dayopta 5 au 6, na huwaonya wenye namba hizo kuwa hatari yao ya kuchanika kwa retina, glakoma na maradhi mengine ya ndani ya jicho iko juu kuliko ya wengine.

Sasa tulinganishe na kipimo kingine. Shirika la Afya Duniani humhesabu kuwa kipofu mtu ambaye jicho lake lililo bora halifikii 3/60, yaani haoni kwa mita tatu kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita sitini. Kipimo hicho hufanywa mtu akiwa na miwani aliyonayo siku hiyo, na kama hana, hupimwa hivyohivyo bila miwani. Wengi wenye namba 8 na kuendelea, wakivuliwa miwani, huangukia chini ya mstari huo. Maana yake ni kwamba kuna watu wanaovuka kutoka kundi la wanaoona kwenda kundi la vipofu kwa sababu ya skrubu iliyodondoka kwenye majani. Jicho halijaugua zaidi kuliko jana. Hakuna mganga wala daktari wa upasuaji anayehitajika ili kuwarudisha. Kinachohitajika ni vipande viwili vya plastiki vilivyochongwa kwa namba yao.

> Kuna watu wanaovuka kutoka kundi la wanaoona kwenda kundi la vipofu kwa sababu ya skrubu iliyodondoka kwenye majani.

Na wilaya ya Serengeti si mahali pepesi pa kutoona. Katika vijiji vinavyopakana na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, tembo huingia mashambani usiku, na wenyeji hukesha wakilinda mahindi na mtama kwa tochi na makelele. Kazi hiyo inataka mtu anayeweza kutofautisha mnyama na kivuli kabla hajakaribia. Mchunga ng'ombe anatakiwa amjue ndama aliyejitenga na kundi. Dereva wa bodaboda anatakiwa aone korongo lililokatwa na mvua ya jana. Mkulima anayepalilia anaweza kuinama na kuendelea, lakini hata yeye atamkaribia nyoka kuliko ambavyo angependa.

Inavyovunjika

Watu husema mwenye kuvunja miwani ni mzembe. Hebu tuitazame miwani yenyewe. Lenzi ya asiyeona mbali ni nyembamba katikati na nene pembezoni, na kadiri namba inavyopanda ndivyo ukingo unavyonenepa. Lenzi nene ni nzito. Uzito huo hukaa mbele, juu ya pua. Jua likiwaka na jasho likitoka, miwani huteleza; mwenyewe huisukuma juu kwa kidole, mamia ya mara kwa siku, na kila msukumo huitikisa bawaba. Skrubu ya bawaba ni ndogo kuliko punje ya mtama. Hulegea bila kutoa taarifa, na siku inapotoka, mkono wa miwani hubaki sikioni na lenzi ziko chini.

Hapo ndipo ufundi wa nyumbani unapoanza, nao una hatari zake. Waya mwembamba au uzi uliofungwa kwenye bawaba husaidia kweli, na wapo wanaovaa hivyo kwa miaka. Msumari wa moto wa kuunganisha fremu ya plastiki huipinda, lenzi ikakaa upande, na kichwa kikauma. Gundi kali ya dukani ndiyo adui mkubwa: mvuke wake huacha utando mweupe juu ya lenzi ya plastiki, utando usiofutika, kwa hiyo aliyeokoa fremu amepoteza kioo. Kisha kuna vumbi. Lenzi nyingi za leo ni za plastiki. Hazipasuki upesi kama za kioo, lakini hukwaruzika. Kuifuta kwa pindo la khanga au shati lililojaa vumbi la barabara ni kuisugua kwa mchanga. Vijana wanaochimba dhahabu upande wa Nyamongo, wilayani Tarime, wanalijua hilo kuliko yeyote. Lenzi iliyokwaruzika haijavunjika, ila mwenyewe anaona ukungu palepale alipokuwa anaona ukungu bila miwani.

Ongeza watoto wa nyumbani wanaoona kitu kinachong'aa, kiti kilichokaliwa bila kuangaliwa, mvua ya ghafla juu ya pikipiki, kuinama kuchota maji kisimani. Kitu kinachovaliwa tangu kuamka mpaka kulala, mwaka mzima, katika mazingira hayo, kitaharibika. Mkulima yeyote wa Mara anajua mpini wa jembe utavunjika, na ndiyo maana huwa na mti mwingine unaokauka nyuma ya nyumba. Hakuna anayemwita mzembe.

Mnadani zipo, ila si zake

Utasikia mtu akisema: miwani si inauzwa mnadani? Inauzwa. Mchuuzi huipanga juu ya turubai pamoja na saa na tochi, kwa bei ambayo hata mzee asiye na kipato cha kudumu anaimudu. Lakini hiyo ni miwani ya kusomea, ya watu waliovuka miaka arobaini ambao macho yao yameanza kushindwa na maandishi ya karibu. Lenzi zake zimevimba katikati na hukusanya mwanga. Za asiyeona mbali zimebonyea katikati na huutawanya. Akivaa ya mnadani ataona vibaya zaidi. (Waliosoma riwaya ya William Golding ya mwaka 1954, Lord of the Flies, watakumbuka watoto wanaowasha moto kwa miwani ya mwenzao asiyeona mbali. Kwa lenzi za namna hiyo moto haungewaka hata wangesubiri mpaka jioni.)

Chanzo kingine kinachotajwa ni misaada: masanduku ya miwani iliyotumika, inayokusanywa Ulaya na Marekani na kugawiwa kwenye kambi za macho. Nia ni njema, hesabu ni mbaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulichunguza miwani 275 iliyochangwa ukakuta ni asilimia 7 tu iliyofaa kutumika, na ukiweka gharama za kusafisha, kupima na kusafirisha, ikawa ghali kuliko miwani mipya ya bei nafuu. Mwenye namba 8 jicho la kulia na 9 la kushoto, ambaye pia umbali kati ya mboni zake ni wake peke yake, anatafuta ndani ya sanduku hilo miwani ambayo mtu mwingine duniani alichongewa kwa bahati tu ifanane na yake.

Namba kubwa zina tatizo la biashara, na ni vizuri kulisema bila lawama. Duka dogo la wilayani haliwezi kuweka akiba ya lenzi ambazo labda mteja mmoja ataziulizia kwa mwaka. Litaziagiza. Kuagiza huchukua siku, siku humlazimu mteja arudi, na kurudi ni nauli tena.

Ushahidi wa Mwanza na Dar es Salaam

Ukubwa wa tatizo kwa ujumla unajulikana. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana matatizo ya kuona, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni moja kati yao tatizo lingeweza kuzuilika au bado halijashughulikiwa. Jirani na Mara, utafiti wa mwaka 2002 uliwapima wanafunzi 2,511 wa sekondari katika jiji la Mwanza: asilimia 6.1 walikuwa na kasoro kubwa ya kuona inayorekebishwa kwa miwani, na karibu wote hao, asilimia 5.6 ya waliopimwa, tatizo lao lilikuwa kutoona mbali. Wengi hawakuwa na miwani.

Utafiti unaogusa hoja yetu zaidi ulifanyika katika shule za sekondari za Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008. Wanafunzi waliohitaji miwani waligawanywa makundi mawili: wa kundi moja walipewa miwani bure, wa kundi la pili walipewa cheti cha vipimo waende wakanunue. Baada ya miezi mitatu, katika kundi la bure asilimia 47 walikuwa wakiivaa au wanayo shuleni. Katika kundi la cheti, asilimia 26. Wengi waliisoma kama habari ya bei: ukitoa bure, watu huvaa. Ni kweli. Lakini igeuze upande wa pili. Hata walipopewa bure, mjini, baada ya miezi mitatu tu, zaidi ya nusu hawakuwa nayo usoni wala mfukoni. Si wote walioivunja. Wengine waliona aibu, wengine waliiacha nyumbani. Hata hivyo mradi unaofunga daftari siku ya kugawa ungewaandika wote kuwa wamehudumiwa.

Utafiti huohuo ulionyesha kuwa wasioona mbali walielekea zaidi kuivaa miwani yao. Inaeleweka: mwenye namba kubwa hana hiari. Kwa hiyo ndiye anayeichakaza zaidi, na ndiye atakayeivunja kwanza.

Wanaopinga wana hoja

Hoja ya kwanza ni ya fedha, nayo ni nzito. Zahanati yenye upungufu wa dawa itaambiwaje inunue miwani miwili kwa mtu mmoja? Jibu liko kwenye mgawanyo wa gharama. Kwa mtu wa Nyambureti, sehemu kubwa ya bei ya miwani ya kwanza hailipwi dukani: ni nauli, ni kulala mjini, ni kipimo, ni siku za kazi za wawili. Miwani ya pili ikitengenezwa safari ileile, haiongezi hata kimoja kati ya hivyo. Inaongeza lenzi mbili na fremu. Ikitengenezwa baada ya ya kwanza kuvunjika, inabeba gharama zote upya. Asiyetaka kulipia miwani ya pili leo analipia safari nzima ya pili kesho, na kama mgonjwa hana uwezo, safari hiyo haifanyiki kabisa.

> Miwani ya pili ikitengenezwa safari ileile, haiongezi nauli wala kipimo. Inaongeza lenzi mbili na fremu.

Hoja ya pili inasema watu hawa ni wachache, hasa vijijini, ambako watoto hukaa nje juani na kutoona mbali hakujaenea kama mijini. Ni kweli pia, nami naiona kuwa inaniunga mkono. Uchache ndio unaomfanya mfanyabiashara ashindwe kuwahudumia, na uchache huohuo ndio unaofanya mzigo wao uwe mwepesi kwa halmashauri. Kata moja haitakuwa na watu wengi wenye namba zaidi ya 6. Majina yao yataenea kwenye kurasa chache za daftari.

Ya tatu huletwa na wazazi: miwani huzoesha jicho uvivu, kwa hiyo ikivunjika, mtoto akae bila kwa muda macho yapate nguvu. Imani hii imeenea kuliko ukweli wake. Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo kutoka Malaysia, ambako watoto waliopewa kwa makusudi lenzi pungufu ya namba zao, baada ya miaka miwili macho yao yalikuwa yameharibika kwa kasi zaidi ya wenzao waliopewa namba kamili. Kukaa bila miwani hakumwimarishi mtoto. Kunamkosesha masomo tu.

Mwalimu naye atasema: mweke dawati la mbele. Lakini dawati la mbele liko mita mbili au zaidi kutoka ubaoni, na mtoto wa namba 5 anakomea sentimita 20. Mbele au nyuma, ubao kwake ni ukuta mweusi. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba mtoto huyohuyo anaweza kusoma karatasi ya mtihani akiiinamia karibu na pua, kwa hiyo Novemba, kwenye mtihani wa kidato cha nne, msimamizi ataona anasoma na kuandika kama wengine. Alichopoteza ni miezi ya Julai, Agosti na Septemba, alipokuwa akinakili kwa kusikiliza.

Pingamizi la mwisho ni la kitaalamu: namba ya mtoto hubadilika, hivyo miwani ya akiba itapitwa na wakati. Itapitwa, ila kidogo. Mtoto aliyefika namba 8 akivaa miwani yake ya zamani ya namba 7, amebakiwa na upungufu wa dayopta moja, naye ataona vizuri hadi mita moja badala ya sentimita 12 na nusu. Atazunguka nyumbani, atamtambua mama yake mlangoni, atafika shuleni bila kushikwa mkono. Ndiyo maana kuitupa miwani ya zamani, au kumpa jirani ambaye namba zake hazijulikani, ni hasara ya bure. Kuhusu lenzi za kubandika juu ya jicho, zinataka maji safi, dawa maalumu na nidhamu ya kila siku; na upasuaji wa leza si kila namba kubwa inaufaa. Kwa sasa hayo si majibu ya kijijini.

Halmashauri ianzie wapi

Tanzania haianzi na mikono mitupu. Shule ya optometria ya KCMC, Moshi, imekuwa ikifundisha wapima macho kwa miongo kadhaa, na taaluma hiyo ina sheria yake ya mwaka 2007. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza mwaka huohuo uliweka lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Shirika la Afya Duniani liliiweka miwani mwaka 2016 katika orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele, sawa na kiti cha magurudumu, na Mei 2024 lilizindua mpango wa SPECS 2030 wa kuongeza upatikanaji wake. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kinachobaki ni maneno machache kwenye vitita vya bima hiyo na miongozo: kwamba mwenye dayopta 6 na zaidi hupewa miwani miwili kwa kipimo kimoja, na mtoto wa shule mwenye namba hizo hivyohivyo.

Chini yake kuna mambo madogo yasiyongoja Dodoma. Kituo cha afya kinaweza kuwa na kopo la skrubu, vipira vya puani na bisibisi ndogo, na kumfundisha fundi saa au fundi simu wa senta kukaza bawaba bila gundi. Mtendaji na walimu wanaweza kuandikisha wenye namba kubwa katika kata. Kambi ya macho inayokuja inaweza kuulizwa, kabla haijapewa uwanja wa shule, kama itaacha vipimo vya kila mgonjwa kwa maandishi, umbali kati ya mboni ukiwemo. Bila karatasi hiyo kila ajali huanza na kipimo kipya. Nayo ikiwepo, ndugu aliyeko Mwanza anaweza kuagiza miwani bila mgonjwa kutoka nyumbani.

Madiwani wa Serengeti na Tarime hupitisha bajeti kila mwaka kabla ya Julai Mosi. Kifungu cha miwani ya akiba hakitakuwa kikubwa kuliko posho za vikao vichache, na wananchi wa Nyambureti wana haki ya kukiulizia kwenye mkutano wa kijiji. Wakati kikisubiriwa, mwenye mtu wa namna hii nyumbani apige picha ya cheti chake cha vipimo kwa simu leo, amtumie na ndugu wa mjini, na miwani ya zamani aifungie katika kopo gumu.